Rubani Aliyeogopa Mkanda

Marubani wenzake walimwita Barafu, na jina hilo hakupewa kwa upendeleo. Mwaka mmoja injini ya kulia ilizimika angani, ndege ikiwa na abiria thelathini na wanane, naye akawatangazia kwa sauti ya mtu anayeagiza chai kwamba wangetua mapema kidogo kuliko ilivyopangwa. Walipotua salama, rubani msaidizi wake alishuka akimshukuru Mungu kwa sauti. Barafu yeye alikuwa akiuliza kama kuna mtu aliyeiona miwani yake.

Mtu huyohuyo, asiyetishwa na radi wala mawingu mazito, alikuwa na hofu moja iliyomla ndani kwa ndani kama mchwa. Aliogopa mkanda wa kupimia presha.

Kila baada ya miezi sita marubani walipimwa afya katika zahanati ya uwanja wa ndege, kwani bila cheti cha daktari leseni ya rubani ni karatasi tu. Zamani Barafu aliingia humo na kutoka akipiga mluzi. Kisha ikaja siku ambayo lifti ilikuwa mbovu. Akapanda ngazi mbio, akaketi akihema, akapimwa hapo hapo. Muuguzi akatazama mashine, akakunja uso. "Kapteni, mbona imepanda hivi?" Akampumzisha robo saa, akampima tena, ikashuka. Kwa muuguzi mambo yakaisha. Kwa Barafu ndipo yalipoanza.

Tangu siku hiyo, kila mkanda ulipomkaza mkono alijiona amevuliwa mistari minne ya ukapteni mabegani, ameketi nyumbani akitazama ndege za wenzake zikipita juu ya paa. Moyo ukamwenda mbio, na moyo ukienda mbio presha hupanda. Alipoiona imepanda, moyo nao ukazidisha mwendo. Akaishi hivyo miaka mitatu, akipita kila kipimo kwa tundu la sindano. Hakumwambia mtu. Mkewe alipomuuliza kinachomsumbua, alijibu, "Uchovu tu." Kipimo kilipokaribia aliacha kahawa na kupiga marufuku chumvi jikoni, hata watoto wake mapacha wakaulizana mezani kama chumvi nayo imepanda ndege ikaenda zake. Wote wakacheka isipokuwa baba yao.

Siku moja, kipimo kikiwa kimebaki juma moja, rubani mwenzake alimkuta chumba cha kubadilishia nguo akijishika mshipa wa mkono na kuhesabu.

"Wewe nawe unajitesa bure," mwenzake alimnong'oneza. "Asubuhi ya kupimwa meza kidonge cha presha. Utaingia umetulia kama maji ya mtungini. Nani atajua?"

Maneno hayo yakamkaa Barafu kichwani. Jumamosi alipokwenda kumjulia hali baba mkwe wake, ambaye alikuwa mgonjwa wa presha wa miaka mingi, alivuta droo ya kando ya kitanda na kutia mfukoni bahasha ndogo ya vidonge. Alitoka kwa mzee akiwa ameinama, utadhani ameangusha kitu njiani. Kesho yake, kwa kuwa hakuwa na safari, akaamua kuvijaribu. Akameza kimoja. Baada ya nusu saa akajiona yuko vilevile, akaongeza cha pili.

Mchana alikuwa uani akifunga kamba za viatu vya mmoja wa mapacha. Aliponyanyuka, ua wote ukazunguka. Ukuta ukaja upande wa kulia, mbingu upande wa kushoto, naye akaanguka kama gunia juu ya beseni la nguo mbichi.

"Mama! Baba ameanguka!"

Mkewe alitoka mbio na mikono yenye povu. Akamlaza, akamnyanyua miguu, na alipokuwa akimlegeza mkanda wa suruali bahasha ikachomoka mfukoni. Akaiokota. Juu yake palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya bluu: *Kimoja tu, asubuhi.*

"Baba Mapacha," alisema polepole, "mwandiko huu ni wangu. Hizi ni dawa za baba yangu. Unaumwa nini usichoniambia?"

Barafu alifumba macho, akasema yote.

Mkewe hakumkaripia. Alimshika mkono hadi kitandani, akampigia simu wifi yake, dada mkubwa wa Barafu, aliyekuwa mkunga. Yule dada alifika moja kwa moja kutoka kazini, sare bado mwilini, akatoa kipimo chake mkobani na kumfunga mdogo wake mkono.

"Tisini kwa hamsini na tano, imeshuka mno," alisema. "Haya, nieleze. Siku ya kupimwa ungemeza hivi vidonge asubuhi. Je, mchana ungekuwa wapi?"

Mchana wa siku hiyo Barafu alikuwa amepangiwa safari. Aliona viti vyote nyuma yake, kimoja baada ya kingine, na vichwa vya watu, na yeye mbele yao akiona dunia ikizunguka kama alivyoiona pale uani.

"Sikulifikiria hilo, dada."

"Najua hukulifikiria. Mwenye hofu hafikiri, hukimbia tu." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Sikiliza, mdogo wangu. Mimi nazalisha mwaka wa ishirini na sita huu. Wanakuja akina mama wa kila namna, na kila mmoja ana haya yake mlangoni. Lakini anayenitoa jasho ni yule anayebana shuka mpaka mwisho, 'Usinitazame, nesi, usinitazame!' Mikono ninayo, ujuzi ninao, lakini mtoto nitampokeaje kwa kubahatisha? Sasa wewe umembania daktari shuka miaka mitatu."

Barafu hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka, na mkewe akacheka pia huku akijifuta machozi.

Siku ya kipimo ilipofika, daktari aliyechukua mkanda alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Barafu akapiga moyo konde.

"Daktari, kabla hujanifunga, nina neno."

Akamweleza tangu lifti mbovu hadi beseni la nguo. Alipofika kwenye vidonge, daktari aliweka kalamu chini.

"Hilo la vidonge nitaliandika, Kapteni. Na leo hurushi."

"Nimeelewa."

"Lakini nikwambie kitu. Mlango huu unawapandisha presha watu wengi kuliko unavyodhani. Mtu akiniambia mapema, zipo njia."

Akamvisha kifaa cha kumpima mchana kutwa na usiku kucha, kisha akampa daftari ajipime nyumbani asubuhi na jioni kwa siku kumi. Hazikuwa siku nyepesi. Kifaa kilimvimba mkononi katikati ya mkutano wa wazazi shuleni, kikanguruma, mwalimu akadhani ni simu na kumtaka aizime. Kazini safari zake wakapewa wengine, na uvumi ukamfikia kwamba Barafu imeyeyuka. Uliuma. Hata hivyo aliingia mwenyewe chumba cha marubani, akawaambia wote waliokuwapo kwa nini harushi. Hakuna aliyecheka. Wawili waliinamisha macho.

Alimrudishia baba mkwe vidonge na kumwomba radhi. Mzee alivipokea, akatikisa kichwa. "Mwanangu, ungeniomba ningekunyima. Na ningekuambia kwa nini."

Siku ya kumi na moja daktari alifunua daftari, akalilinganisha na rekodi za kifaa. Nyumbani, shuleni, usingizini, presha ya Barafu ilikuwa ya kawaida. Ilipanda mahali pamoja tu, katika kiti kile cha zahanati.

"Moyo wako ni mzima," daktari alisema. "Kilichokuwa kinaumwa ni siri. Kila ukija, njoo na daftari lako, ukae kwanza dakika kumi, tuzungumze, ndipo nikupime."

Akatia sahihi, naye Barafu akarudi angani.

Miezi sita baadaye alirudi zahanati. Kipimo cha kwanza kikapanda vilevile. Daktari hakukunja uso. Alimuuliza habari za mapacha, naye akaeleza jinsi walivyogombania kiti cha mbele garini, na mkanda ulipomkaza mara ya pili namba zilikuwa zimeshuka zenyewe. Hofu ilikuwapo bado, lakini sasa walikuwa wawili wa kuibeba.

Miaka mitatu Barafu aliifunika aibu yake, na haikumzalia chochote ila kuanguka. Siku aliyoifunua mbele ya anayejua kazi yake, ndiyo siku aliyopata nafuu. Wahenga hawakukosea: mficha uchi hazai.