Kibanda Kimoja cha Darajani

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya mvua hizi zilizopita, wala msinikunjie nyuso, palikuwa na mji uitwao Usinde. Ndani ya Usinde palikuwa na mtaa uitwao Topeni. Na kati ya Topeni na soko kuu palikuwa na mtaro mpana, mweusi, unaonuka. Juu ya mtaro yalilala magogo mawili ya mnazi, na hilo ndilo lilikuwa daraja letu. Ukivuka salama, unasema alhamdulillahi. Usipovuka salama, umeoga.

Sogeeni. Wewe mwenye karanga, tafuna polepole, nataka nisikike.

Basi upande wa huku, pale magogo yanapoanzia, Mwasiti alikuwa na kibanda chake cha mabati chakavu. Anapika chai, anapika maandazi, anapika wali na maharage. Wateja wake ni wachukuzi wa sokoni, nao wako upande wa kule. Kwa hiyo kila siku saa nne Mwasiti hujitwika sufuria, huyo, juu ya magogo. Siku moja mvua imenyesha, mguu ukateleza. Maharage yakaenda na maji, Mwasiti akavutwa juu na wanaume wanne, tope mpaka kwenye kope. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, sitawaficha. Yeye alilia, na hakulia kwa aibu. Alilia kwa sababu kile alichokuwa amebeba ndicho chakula cha wanawe cha siku ile.

Jumatano iliyofuata akajifunga khanga, akaenda manispaa. Jumatano ndiyo siku ya kusikiliza kero za wananchi. Dirishani akamkuta afisa mipango, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Sisi tunamwita Bwana Mipango tu.

"Habari za kazi, Bwana. Nimekuja kuomba daraja."

"Dada, lete barua."

Akaleta barua.

"Lete barua yenye muhuri wa mtaa."

Akaleta yenye muhuri.

"Haya. Mchakato unaendelea."

Jumatano nyingine akarudi. Mchakato unaendelea. Akarudi tena. Mchakato unaendelea. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwaka wa tatu wakachoka kumwona, wakamtuma mhandisi na futi yake, akapima mtaro, akachora daraja zuri kwenye karatasi kubwa, karatasi ikawekwa kwenye faili, faili likaingia kabatini. Mwasiti hakukoma. Kila Jumatano anasema, "Bwana, nilione tu faili langu kwa macho." Bwana Mipango anainuka, anafungua kabati, anamwonyesha, analirudisha. Mwishowe miguu ikamchoka, faili akaliacha mezani, akawa analiwekea kikombe cha chai juu yake. Miaka sita hiyo. Faili lina alama za vikombe kuanzia jalada hadi mgongoni.

Sasa mwacheni Mwasiti hapo dirishani, ameshazoea. Njooni kwa Shaweji.

Shaweji ni fundi rangi wa papa hapa Topeni. Mdomo wake una kazi siku zote, brashi yake siku mojamoja. Alikuwa amemchumbia Mwamvita wa Mji Mpya, na wajomba wa Mwamvita wakasema, "Jumapili tunakuja kuona huyo kijana anaishi wapi." Shaweji akaangalia njia ya kwake. Tope. Akaangalia tena. Tope lilelile. Akaona haya. Akaokota mawe, akayapanga kando ya njia pande zote mbili, toka kwenye mtaro mpaka mlangoni kwake, akayapaka rangi: jeupe, jeusi, jeupe, jeusi. Ikapendeza, haki ya Mungu.

Wajomba wakaja, wakafuata mawe, wakakaa, wakanywa soda. Mjomba mkubwa akasema, "Mawe tumeyaona, kijana. Kazi hatujaiona. Ukipata pa kufanyia shughuli, utatuita." Wakaondoka. Shaweji akabaki na mawe yake.

Jumatatu, Bwana Mipango akapita upande wa pili wa mtaro ndani ya gari la manispaa. Akaona mawe. Akamwambia dereva, "Simama!"

Jamani, mimi na nyinyi tunajua. Mawe hayapakwi rangi bure. Mashimo yakizibwa usijali, huenda ni bahati. Lakini ukiona mawe meupe na meusi kando ya njia, mkubwa anakuja. Bwana Mipango jasho likamtoka. Anakuja mkubwa, na yeye hajaambiwa! Akavuka magogo kwa mikono na magoti, akamtafuta mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti huyo ni mwanamke mwenye heshima zake, mwenye subira, na sura si haba.

"Mwenyekiti, kwani nani anakuja?"

"Bwana Mipango, kama wewe hujui, mimi nitajuaje?"

Hapo uongo uko wapi? Nionyesheni. Lakini yeye aliusikia ukweli ule kwa masikio ya woga, akaondoka mbio.

Akapiga simu idara ya ujenzi: "Mmesikia ule ugeni wa Topeni?" Ujenzi nao hawakutaka kuonekana wamelala. "Aa, tumesikia muda mrefu!" Ujenzi wakawapigia usafi. "Tumesikia, tumesikia!" Usafi wakawapigia watu wa umeme. Wote walikuwa wamesikia. Hakuna aliyeuliza, maana anayeuliza ndiye asiyejua, na asiyejua ndiye atakayekosa kiti cha mbele. Jumanne lori la takataka likaja, lori ambalo tulidhani limeuzwa. Jumatano nguzo za taa zikasimama. Alhamisi mgeni akapandishwa cheo. Ijumaa ikajulikana kwamba mgeni hali nyama ya mbuzi.

Na daraja? Mkubwa atavukia magogo? Bwana Mipango akashika kichwa. Muda wa kupima haupo, muda wa kuchora haupo. Akainua kikombe chake cha chai, akaona faili. La Mwasiti. Vipimo vimo, mchoro umo, sahihi ya mhandisi imo. Siku hiyo mchakato ulikimbia mbio sijapata kuona.

Wakaja mafundi. Na kitu cha kwanza walichofanya, sikilizeni, walichora alama kubwa nyekundu ya X kwenye kibanda cha Mwasiti. Kilikuwa kimekaa palepale daraja linapotakiwa kukanyaga. Mwasiti akawaambia, "Wanangu, daraja ni mimi niliyeliomba!" Wakamwambia, "Mama, hongera sana, sasa toa sufuria." Mabati yakashuka. Mwasiti akasimama kando na sufuria zake tatu, akitazama daraja lake linavyoanza, na hajui acheke au alie.

Msimamizi wa mafundi wale alikuwa Mponda, mtu wa kimya, kibarua wa manispaa kwa miaka kumi na minane. Bwana Mipango akamwita pembeni. "Mponda, litakalopita ni gari moja, siku moja. Weka nondo kidogo, zege jepesi, chokaa juu. Lipendeze tu." Mponda akaitikia, "Sawa, bosi."

Lakini Mponda ana binamu yake anayeosha magari ya wakubwa huko makao makuu, na siku ya tatu ya kazi binamu akamwambia kwa simu, "Ugeni gani? Hakuna gari hata moja lenye safari ya huko Usinde." Mponda akaelewa. Angesema neno moja, kazi ingesimama saa ileile. Hakusema. Alirudi kwenye zege lake. Na badala ya nondo kidogo akaweka nondo zote zilizomo kwenye mchoro, na zege akalipiga kama la nyumba yake mwenyewe.

Siku kumi na mbili, daraja likasimama. Na mwanzoni mwa daraja, ili mgeni aone jinsi manispaa inavyowajali wafanyabiashara wadogo, wakajenga kibanda. Kibanda kimoja. Bati la buluu, meza ya saruji, bomba la maji, taa. Mlango na kufuli. Jamani kile kibanda! Hata mimi nilikitamani, na mimi kupika sijui.

Siku ya uzinduzi, Mkurugenzi wa manispaa mwenyewe akaja na suti. Ngoma ikapigwa kuanzia saa mbili. Saa nne ikapigwa. Saa sita wapigaji wakaomba maji. Saa nane Mkurugenzi akamwinamia Bwana Mipango, "Mgeni yuko wapi?" Bwana Mipango akawageukia ujenzi, ujenzi wakawageukia usafi, usafi wakawageukia watu wa umeme, na watu wa umeme wakatazama juu kwenye nguzo zao.

"Nani aliwaambia kuna mgeni?" akanguruma Mkurugenzi.

"Mheshimiwa... mawe."

Shaweji akachukuliwa, akalala kituoni siku mbili. Walitafuta kosa la kumwandikia, wakakosa. Hakuna sheria inayokataza mtu kupendezesha kwao. Wakamwachia. Lakini turudi palepale darajani: Shaweji alipokwisha kuondolewa, Mkurugenzi akauliza, "Kuna mtu yeyote aliyejua kwamba mgeni hayupo?" Na Mponda, mtu wa ajabu huyu, akanyoosha mkono! Akafukuzwa kazi palepale, chepeo bado analo begani.

Lakini Mkurugenzi angesema nini mbele ya watu? Kwamba manispaa nzima imeendeshwa na mawe? Akashika kipaza sauti. "Ndugu wananchi, daraja hili lilikuwa kwenye mpango wetu siku zote!" Tukapiga makofi, tufanyeje. "Na kibanda hiki atapewa mwananchi mmoja, yule aliyefanya daraja hili liwepo. Mwenyekiti wa mtaa, niletee jina kwa barua ndani ya siku saba. Jina moja!" Akapanda gari, akapita juu ya daraja, halikutikisika.

Mtaa ukaitwa mkutanoni.

Mwasiti akasimama. "Nimekwenda pale dirishani miaka sita. Bila faili langu wangemwaga kifusi mtaroni na kukipaka chokaa. Hata mchoro ule unatokana na miguu yangu. Na kibanda changu ndicho kilichovunjwa. Sasa nipike wapi, kichwani?"

Shaweji akaruka. "Dada Mwasiti, nakuheshimu, lakini faili lako lilikuwa kisahani cha kikombe! Miaka sita umeomba, umepata nini? Mimi nimepaka mawe Jumapili moja, daraja limekuja. Na nimelala kituoni kwa ajili yake."

"Ulilala kituoni kwa ajili ya Mwamvita!" akajibu Mwasiti. "Hata neno daraja hukuliwaza wewe."

"Sikuliwaza, kweli. Lakini unavukia nini sasa, mawazo? Na nikikosa kibanda hiki, wajomba wanampa Mwamvita mtu mwingine. Wameshaniambia."

Watu wakaguna. Mponda akasimama mwisho, kofia mkononi.

"Mimi sina maneno mengi. Dada aliomba, daraja halikuja. Kijana alipaka, likaja daraja la siku moja. Ile mvua kubwa ya juzi mliiona? Iling'oa ukuta wa shule, daraja ikaliacha. Nilijua na nikanyamaza. Walipouliza, sikudanganya. Leo sina kazi, na umri huu hakuna atakayenichukua."

"Lakini wewe ulikuwa unalipwa kulijenga!" akapiga kelele Shaweji.

"Nililipwa kujenga bovu," akasema Mponda, akakaa.

Basi wakapiga kelele mpaka jua likashuka. Wengine Mwasiti, Mwasiti! Wengine Shaweji! Wengine Mponda! Mzee mmoja akasema apewe mgeni, kwani yeye ndiye aliyefanya kila kitu. Mwingine akasema wakigawane watatu, lakini barua inataka jina moja, na mlango una kufuli moja.

Nanyi mnaniuliza, mwenyekiti alifanyaje? Yule mwenye heshima, mwenye subira, sura si haba?

Yuko mbele yenu, anaongea tangu saa ile. Mlidhani nawasimulia ya nani? Ufunguo huu hapa, ndani ya fundo la khanga yangu. Barua hii hapa, nimeiandika yote, muhuri nimeshagonga, nimeacha nafasi ya jina moja tu. Leo ni siku ya sita. Kesho saa mbili nisipoifikisha, kibanda kinakwenda kwa shemeji wa Bwana Mipango. Huyo hata Topeni hakai, lakini kwake mchakato umeshakamilika.

Na asubuhi hii nimemwona Mwasiti kwenye daraja. Saa nne, saa yake ileile. Alikuwa anavuka vizuri kabisa, hatelezi, mvua inanyesha. Na kichwani hana kitu. Nikamuuliza, "Mwasiti, unakwenda wapi mikono mitupu?" Akasema, "Naangalia tu, Mwenyekiti, kama linavukika." Leo nikashindwa kucheka.

Haya, kalamu hii hapa. Aliyeomba miaka sita bila kupata? Aliyelileta bila kukusudia? Au aliyejua, akanyamaza, akalifanya lisimame?

Wewe mwenye karanga, tema, useme: niandike jina la nani?