Kiboko Apima Shairi la Panzi

Paukwa!
Pakawa!
Semeni kwa nguvu, ninyi mlioshiba huko nyuma!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, Sultani Kiboko alikula mahindi ya wanyama wote, shamba zima. Alipoulizwa, akasema, "Ni panzi!" Akabeua kwa shibe.

Basi ndege Chiriku akatunga shairi, akaliimba mtoni:

Mahindi tumeibiwa, tukaambiwa ni panzi,
Nyayo zake kama ziwa, si nyayo ndogo za panzi,
Panzi huyu panzi gani, avunja kiti cha enzi!

Kiboko akafura. "Mkamateni! Mdomo wake ufungwe kwa ukindu, asiimbe tena maisha!"

Chiriku akawaza: Ndege asiyeimba ana nini tena? Lakini akakumbuka mila ya nchi ile: mtunzi haadhibiwi mpaka shairi lake lipimwe hadharani. Na Kiboko, jamani, alijiona bingwa wa mashairi!

"Bwana Mkubwa," akasema Chiriku, "nani apime kama si wewe?"

Kiboko akatabasamu, akawakusanya wanyama wote. Akaanza na mizani. Akaimba polepole, akikanyaga matope na kuhesabu vidole vyake: vinne mguu huu, vinne mguu ule. "Nane! Nane tena! Mizani imetimia!" Nyayo zake zikajaa maji, vyura wakaingia kuoga. Wanyama wakatazamana.

Akapima vina. "Ninyi wa kushoto, itikieni wa! Wa kulia, nzi!"

"Ibi-WA! Pa-NZI! Zi-WA! Pa-NZI!"

Loo, hata nguruwe wakakariri shairi lote.

"Bado kibwagizo," akasema Chiriku. "Kibwagizo hupimwa kwa kurudiwa, Bwana."

Kiboko akapanda kiti chake cha enzi, akaimba. Akarudia, akitikisa makalio. Mara ya tatu akaruka juu, akashuka na mwili wote. Puu! Kiti kikawa kuni.

"Bwana Mkubwa," akauliza Chiriku, "shairi langu lina kasoro?"

"Kasoro?" Kiboko alikuwa bado anahema kwa raha. "Halina hata moja! Kila neno limekaa mahali pake!"

"Na yule panzi?"

Kiboko akatazama nyayo. Akatazama kuni. Masikio yakamlegea.

"Panzi," akasema, "ni mimi."

Wanyama wakacheka mpaka wakagaragara. Chiriku akaruka zake akiimba, na Kiboko akapewa jembe alime upya shamba zima.

Basi ndugu zangu, ukitungiwa shairi, usihesabu mizani yake. Hesabu makosa yako.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, nirudishieni niipike upya.