Mashine Aliyomchagulia Mama

Sogeeni mbele, na wa mlangoni nao wapate kivuli. Leo sitawasomesha sana, maana jua limewachosha na nyuso zenu naziona. Nina bwana mmoja tu nataka tumtazame, kisha kila mtu akifika kwake akajitazame mwenyewe.

Bwana huyu kazi yake ilikuwa kutoa mizigo ya watu bandarini, na simu yake haikuwa na adabu, ililia hata akiwa anatawadha. Lakini alikuwa mwana mwema, tusimwonee. Hakuwahi kumwambia mama yake hata "ah". Kila asubuhi, akishaswali, kabla ya kwenda ofisini, alipita mtaa wa pili kwa mama yake kunywa kahawa.

Mama alikuwa mjane, anakaa peke yake, na kahawa yake ilikuwa kahawa kwelikweli. Atachambua buni kwenye ungo, atazikaanga kwenye kikaango cheusi mpaka zitoe mafuta, atazitwanga kwenye kinu pamoja na kipande cha tangawizi, ndipo dele, birika la kahawa, lipande juu ya makaa. Na hakuwa akianza mpaka mwanawe afike. Mwana akishavua viatu, ndipo mama anainuka kufuata ungo.

Wewe uliyewahi kukaanga buni niambie, hiyo ni kazi ya kupita tu? Mwana alikaa kwenye kibao akitazama saa, na mama huku anakoroga, huku anazungumza. Nani kaposa, paa la nani linavuja, marehemu baba yake alivyokuwa akiogopa paka, mtu mzima na ndevu zake. Kahawa ikiiva, hummiminia mwanawe kikombe, akajimiminia na chake, akakishika kwa mikono miwili.

"Kunywa taratibu, mwanangu, ina moto," humwambia.

Chake hakinywi. Mwana akimuuliza, hujibu, "Yangu naiacha ipoe." Na mwana huondoka kile kikombe bado kimejaa. Alikiona hivyo kila siku, wala hakujiuliza. Macho yanaona mengi, ndugu zangu, tatizo ni kwamba hatuyahoji.

Basi asubuhi moja akamwona mama anapuliza makaa, moshi umemkaba, anakohoa mpaka machozi. Akasikitika. Akasema moyoni, mama amezeeka, na mimi nachelewa kazini. Hebu yatazameni maneno mawili hayo yalivyokaa bega kwa bega. La kwanza ni la mama, la pili ni lake mwenyewe, na watu walipomuuliza kwa nini ananunua mashine ya kahawa, alilitaja la kwanza tu. Si ndivyo tulivyo? Haja yetu tunaivisha kanga ya mama, ikipita njiani watu wanaiamkia.

Akaenda duka la vyombo vya umeme. Muuzaji, binti mmoja mpole mwenye ushungi, akampangia tatu mezani. Ya kwanza ina chujio la karatasi na jagi la kioo, kahawa inadondoka tone kwa tone. Ya pili ni jagi la kubana kwa mkono. Unatia kahawa na maji ya moto, unaiacha itulie, kisha unasukuma chujio lake chini. Ya tatu ni ya kubonyeza. Unaitilia buni zilizokwisha kukaangwa, inasaga yenyewe, inachemsha yenyewe, inamimina yenyewe.

"Mnakunywa wangapi nyumbani, baba?" binti akauliza.

"Wawili. Mimi na mama."

"Mama anaipenda nzito au nyepesi?"

Bwana akaitazama saa yake. Amekunywa na mama yake tangu ndevu hazijaota, na hilo hakulijua. Mwisho akasema, "Kama ninavyoipenda mimi."

"Basi chukua hii ya matone. Haina makelele, na watu wawili mnapata kuzungumza huku inachuruzika."

"Ipi ya haraka kuliko zote?"

Binti akamwonyesha ya kubonyeza. Na bei yake, nawaambia, haikuwa ya mtu bahili. Ubahili haukuwa ugonjwa wake.

Mama aliipokea kwa dua nyingi. Akaifuta kwa upindo wa kanga, akaitandikia kitambaa alichofuma mwenyewe. Kisha akauliza, "Na kikaango?"

"Pumzika, mama. Umekaanga vya kutosha."

Mama akakitazama kile kikaango, akakitundika nyuma ya mlango. Wanawake wa rika lile hawakulelewa kukataa zawadi.

Tangu siku hiyo mwana akawa hakai. Atakaa vipi? Viatu havivuliwi, funguo za gari ziko mkononi, anabonyeza, mashine inanguruma, kikombe kimejaa, anakunywa kasimama karibu na mlango.

"Kunywa taratibu, mwanangu, ina moto."

"Hii haina moto, mama. Mashine inaipima."

Mama akacheka kidogo. Akasema, "Kuna neno nataka kukwambia."

"Niambie."

"Refu kidogo."

"Basi kesho, mama. Kesho nitakaa."

Kesho hiyo mnaifahamu, kila mmoja wetu hapa ana yake mfukoni. Kesho yake ilikuwa na meli. Kesho kutwa ikawa na mteja. Mama alikumbusha tena, kisha tena, halafu akaacha kukumbusha. Mwana naye moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Njiani alikuwa akijisemea, alhamdulillahi, mama yangu siku hizi hasumbuki.

Mvua za vuli zilipoanza, jirani alibisha hodi asiitikiwe. Akasukuma mlango, akamkuta mama sakafuni. Kiharusi. Kilichukua upande mmoja wa mwili, kikachukua na ulimi. Hospitali walifanya lao, wakamrudisha nyumbani yu hai, anaona, anasikia, ila neno halitoki.

Sasa ndipo mwana akakaa. Ofisi akaikabidhi kwa watu wake, simu akaizima, na kumbe simu huzimika. Asubuhi ya kwanza akabonyeza mashine, akaja na kikombe, akamwinua mama kichwa amnyweshe. Yule jirani, mama wa makamo aliyekuwa akimhudumia mgonjwa, akamshika mkono.

"Usimpe, mwanangu. Mama yako hanywi kahawa."

"Hanywi vipi? Nimekunywa naye miaka yote."

"Umekunywa wewe. Yeye ana vidonda vya tumbo, daktari alimkataza zamani, baba yako akiwa hai. Kikombe chake ukishaondoka alikuwa akinipa mimi, nakipasha moto nakunywa."

Yule bwana akaketi pale kitandani. "Sasa moshi wote ule alikuwa akiuvuta wa nini?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Nikamwambia, mpikie chai kama watu wengine, ujipumzishe. Akaniambia, chai inaiva upesi mno."

Mnasikia? Chai inaiva upesi mno. Mama hakuwa akipika kahawa. Alikuwa akimpika mwanawe akae kitako. Zile buni zilichambuliwa moja moja ili mtoto achelewe kuondoka, na mtoto akaenda dukani kwa miguu yake akanunua kitu cha kumwondoa.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Na lile neno refu alilotaka kuniambia?"

"Hilo hakuniambia. Lilikuwa lako."

Akamgeukia mama yake. Mama akamtazama, mdomo ukatikisika, na ulimi ukakataa. Yule bwana akalia kilio cha mtu mzima, kile kisichotaka kubembelezwa.

Kesho yake alikishusha kikaango kutoka nyuma ya mlango. Akapuliza makaa, akakohoa, akaunguza buni, maana hakuwahi kutazama zinavyokaangwa, alikuwa akitazama saa. Akamimina vikombe viwili, kimoja akakiweka karibu na mkono wa mama ulio mzima. Mama akakizungushia vidole. Hakukinywa. Na mwana akaanza kuzungumza, nani kaposa, paa la nani linavuja, akamaliza yote, akasubiri lile neno. Anasubiri mpaka leo.

Na sisi je? Msiniambie huyu alikuwa mtu mbaya, maana mkisema hivyo mtatoka hapa mmepona kwa bei rahisi. Huyu ni sisi. Sisi tunaowawekea wazee mitambo na wasichana wa kazi na pesa kwenye simu, tukiita mapumziko. Tumewapumzisha mpaka hawana tena sababu ya kutuita. Mama akikusumbua na bomba linalovuja, ambalo mwezi uliopita pia lilivuja, fundi unaweza kumtuma. Lakini hivi kweli anataka fundi?

Lisilotengenezeka ni lile neno refu. Kwa baadhi yetu hapa limekwisha kufukiwa, nasi tumwombe Mola atusamehe na awarehemu. Lakini wewe ambaye mama yako bado anaweza kusema, leo usipitie popote. Nenda, uvue viatu. Akikuletea kikombe, usimuulize mbona chake kimejaa. Unywe chako taratibu, hata kama hakina moto.