Kijiwe cha Sultani Badiri

Alitawala hapo kale katika mji wa Kanzimaji Sultani kijana jina lake Badiri, na ada ya ufalme wake ilikuwa kwamba Sultani akishaketi kitini asubuhi haondoki mpaka alasiri, kwani kuonekana akienda msalani ni fedheha. Basi maji akayakimbia, akashinda kwa kahawa kali na samaki wa chumvi.

Siku moja ubavu ukamkamata barazani, akaanguka akijinyonganyonga. Waganga saba wakasema kwa pamoja, "Kazi ya jini wa pete!" Na jini huyo, Shamhuni, aliyefungwa petini kumtumikia Sultani, akahukumiwa kuyeyushwa pamoja na pete yake katika tanuri la sonara.

Zawena binti wa tabibu, aliyekuja kuleta dawa za babake, damu ikamchemka.

"Shahidi yuko wapi?"

"Nani kakuuliza, mtoto wa kike?" akafoka mkuu wa waganga.

"Hakuna, shehe. Ndiyo maana mmekosea saba kwa mpigo." Akamgeukia Sultani. "Maulana, mkojo wako una rangi gani?"

Baraza zima likaguna.

"Kama chai iliyokolea," Sultani akanong'ona, "na leo una damu."

"Basi ni jiwe, limeota figoni kwa ukame. Mwenye hatia ni ada, si jini. Nipe siku tatu. Nikishindwa, nitieni tanurini pamoja naye."

Shamhuni akachomoza kichwa petini. "Bibi, milima naing'oa, lakini hicho kijiwe nikikivuta kwa nguvu kitamchana!"

"Nguvu zako kaa nazo. Lete maji."

Jini akaruka, akaleta maji ya chemchemi saba, na Zawena akamkanda Sultani mgongo kwa kitambaa cha moto, na akamnywesha, na akamtembeza, na akamwamuru aende msalani kila akibanwa, raia watazame wakitaka. Siku ya tatu, ti! kijiwe kikadondoka katika bakuli la fedha.

"Hiki?" Sultani akacheka hadi kilemba kikamwanguka. "Punje ya mchele ndiyo iliyoniliza?"

Akamwachia Shamhuni huru, akamposa Zawena.

"Mahari yangu," akasema Zawena, "ni mtungi wa maji kando ya kiti chako, na ruhusa ya kuinuka kwa kila aliye barazani, hata mfagizi."

Wakaoana, ngoma ikapigwa siku saba, na mkuu wa waganga akapewa cheo cha kuubeba mtungi. Nawe msomaji, ubavu ukikukata, mwone tabibu kabla ya kumshtaki jini; na leo, kabla haujakukata, kunywa maji.