Valvu Zilizopoteza Jina

“Wivu husugua hadi jina.” Tangu asubuhi mnarushiana maneno hayo kama mpira wa makaratasi, na sasa mnauliza yametoka wapi. Haya, sogeeni. Yalianza hivi.

Zamani, mjini Korogwe, walikuwako wauza chai wawili, Mbelwa na Kihiyo, mikahawa yao ikitazamana. Kila mmoja alikuwa na gramafoni na amplifaya ya zamani, zile za valvu: vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama makaa. Amplifaya zenyewe zilikuwa za aina moja, pacha kabisa. Ila ya Mbelwa ilianza kukoroma, na ya Kihiyo iliimba kwa utamu hata sukari ikajikoroga yenyewe vikombeni. Anayebisha akaulize vijiko.

Mbelwa alipanga maandazi huku shingo imepinda kuelekea ng’ambo. Kilichomkata maini hasa ni mkewe.

“Baba Zahabu, kwa Kihiyo hata pumzi ya mwimbaji unaisikia.”

“Na wewe pumzi za kwa Kihiyo unazisikilizia wapi?”

“Hapahapa. Barabara ina mlango?”

Jumamosi ile Bi Mwanakombo alikuwa anaoza binti, na hajaamua nani ampigie santuri. Mbelwa akaapa ni yeye. Akang’oa valvu zilizochoka, azipeleke kwa fundi Tanga apate za kubadilisha. Zilikuwa nyeusi kwa vumbi na moshi wa mkaa.

“Za Kihiyo lazima zinameremeta,” akawaza, roho ikimwungua. Akachukua majivu na ndimu, akasugua kama birika la Idi, mpaka akajiona meno kwenye kioo.

Fundi Somji akaigeuza valvu huku na huku. “Namba yake iko wapi? Huandikwa hapa kwenye kioo. Hilo ndilo jina lake, Mzee. Valvu hainunuliwi kwa sura.”

“Labda imetoka na uchafu.”

“Basi tafuta mwenye amplifaya kama yako, usome kwake.”

Mbelwa alijiona anapiga hodi kwa Kihiyo, Kihiyo anatabasamu. Mate yakawa shubiri.

“Hakuna. Nchi nzima ninayo mimi tu.” Akanyoosha kidole kwenye kabati. “Nipe zile nene, zenye kilemba cha fedha.”

“Zitaingia. Lakini kuingia si kufaa. Utaunguza mashine.”

“Nimesema nipe!”

Ijumaa akamwalika Bi Mwanakombo aje asikie. Akawasha. Valvu zikawa nyekundu, zikawa buluu, amplifaya ikanguruma kama treni yenye kikohozi, ikatapika moshi hadi kunguru wa sokoni wakahamia Muheza. Kisha kimya. Haikusema tena mpaka leo.

Bi Mwanakombo akaziba pua kwa ushungi. “Mwanangu, mimi naoza binti, sirini asali.” Akavuka barabara.

Siku ya harusi Mbelwa hakula. Alizunguka nyuma ya amplifaya ya Kihiyo pale ukumbini, akainama achungulie huo mng’aro uliomnyima usingizi. Valvu zilikuwa zimegubikwa na vumbi, buibui katanda kati yake. Na kwenye kioo, chini ya vumbi, namba zinasomeka kama zilizoandikwa jana.

“Ndugu yangu,” Kihiyo akasema nyuma yake, “mkeo kanisimulia ya majivu na ya fundi. Si ungevuka tu ukasoma? Mimi hata sijawahi kuzifuta.”

Mama Zahabu, sahani ya pilau mkononi, akamjibia mumewe: “Shemeji, mwache. Wivu husugua hadi jina.”

Ukumbi ukaangua kicheko. Na jina la Mbelwa likafutika vilevile, maana tangu siku hiyo mji mzima ulimwita Bwana Majivu. Hata posta, ukiulizia Mbelwa, wanakutazama kama umepotea njia.

Basi ukimwona mtu anajisugua ili tu amshinde jirani, mshike mkono jina lake lingali linasomeka. Wivu, wanangu, husugua hadi jina.