Kishikwambi cha Sultani Kisichobanduliwa Nailoni

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, kwa maana nilikuwapo mwenyewe, nimejibanza nyuma ya pazia la baraza nikila halua ya wenyewe, palikuwa na Sultani aitwaye Bahasani, mtawala wa mji wa Kirindo. Anayebisha na aseme pazia lilikuwa rangi gani. Haya, hayupo. Basi tuendelee.

Sultani huyu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: habandui nailoni. Kiti chake cha enzi kilikuwa na nailoni tangu kilipotoka kwa fundi. Akikaa kinalia kwachu, na akitaka kuinuka jasho limekwisha kumgandisha, mpaka watumishi wamvute kwa mikono. Makochi yana nailoni, viti vya gari vina nailoni, na rimoti ya televisheni inaishi ndani ya mfuko wa plastiki kama samaki wa barafu. Mtu akija kushitaki, Sultani akijigeuza kidogo tu, hukumu yote inamezwa na kwachu kwachu, na aliyeshinda kesi harudi nyumbani na uhakika.

Kando ya ukuta wa jumba aliishi masikini mmoja, Pandu, asiye na mali ila mke wake Mize, mkeka, na ulimi. Waziri Mbaraka alikichukia kibanda chao kuliko maradhi. Siku moja akasema, "Bwana wangu, pale pangefaa banda la gari lako."

Sultani akajibu, "Nitamvunjiaje mtu nyumba bila kosa? Watu watanisema."

"Mpe kazi asiyoiweza, Bwana wangu. Kosa litajileta lenyewe."

Ikawa siku zile Sultani anataka kishikwambi chake cha kwanza, naye hajui achague kipi, kila anayemuuliza anamtajia chake. Basi Pandu akaitwa, akaja na kanzu yenye kiraka, akapiga magoti. Sultani akanena, "Ewe Pandu, nichagulie kishikwambi. Nataka kila siku nisome vitabu na kila siku nitazame video. Lakini boksi lisifunguliwe, nailoni isibanduliwe, kikae kipya vilevile mpaka nife. Hazina italipa. Ukishindwa, kibanda chako kinavunjwa Ijumaa."

Barazani watu wakaangaliana. Mimi halua ilinipalia, wallahi. Pandu akasema, "Nimesikia na nimetii, Mtukufu. Hebu nihakikishe nimekuelewa: utazame, usome, na chako kisiguswe?"

"Hayo hayo."

Nikamfuata mpaka dukani kwa Bi Salha, muuza vyombo vya umeme. Bi Salha akaanza kumsifia: hiki kina kamera nne, hiki kinapiga hesabu za maroketi. Pandu akamkata, "Bibi wee, Sultani hendi mwezini. Atasoma na atatazama, basi. Na msomaji wa kweli husoma amelala chali." Akajinyoosha sakafuni katikati ya wateja, akashika kimoja juu ya uso, akajifanya anasinzia. Kikamwangukia puani, paa! "Hiki kizito, kitaua mfalme." Akajaribu kingine, paa! Machozi yakamtoka. Cha mwisho kikamwangukia naye akacheka. Akakisogeza mbali kwa urefu wa mkono, herufi anaziona. Akakipeleka mlangoni penye jua, picha haikufifia. Akauliza chaji, akaambiwa tangu asubuhi mpaka magharibi. "Ndicho hiki. Nipe kipya ndani ya boksi lake. Na nyongeza yangu iko wapi?"

"Nyongeza gani tena, Pandu?"

"Mtu akinunua dagaa hupewa nyongeza, sembuse mimi niliyekuletea jumba zima la Sultani! Nipe hiki hiki cha kujaribia wateja."

Bi Salha akakitazama, kina ufa pembeni na alama za vidole vya mji mzima. Akasonya, akampa.

Pandu akarudi barazani, akaliweka boksi kwa adabu mapajani mwa Sultani. Kisha akakaa chini, akampa mgongo mfalme, akawasha cha kwake. Ikaanza tamthilia ya bibi harusi aliyeozwa ndugu wawili kwa makosa. Sultani akanyoosha shingo. Akainama. Kwachu!

Waziri akafoka, "Mjinga wewe, unafanya nini?"

"Natimiza amri. Mtukufu anatazama, na chake kipya. Hakusema atazame kwenye chake."

Waziri akasema, "Basi Bwana wangu, mnyang'anye hicho!"

Sultani akakunja uso. "Mimi nishike kitu kilichoshikwa na vidole vya wauza vitumbua?"

Tena ikaja zamu ya kusoma. Pandu shule aliiacha njiani kama mimi, basi anasoma kwa kuunganisha silabi, na Sultani nyuma yake anaungua: "Fungua ukurasa, Pandu! Nimekwisha maliza!" Naye anajibu, "Subiri, Mtukufu, mimi bado niko kwenye 'ali'."

Wakarudia tamthilia. Bibi harusi anakaribia kufunuliwa shela, Pandu akazima, akasimama. "Naomba ruhusa, Mize ameniitia wali."

"Kaa chini!"

"Amri yako ni juu ya macho yangu, Mtukufu, ila wali hausubiri."

Basi Sultani wa Kirindo akavutwa kitini na watumishi, akamfuata Pandu mpaka kibandani. Majirani wamejaa, wanatazama tamthilia ile ile. Mize akamtazama miguuni. "Baba, viatu nje. Na hapo usikae, unatuziba." Mfalme akasogea akakaa ukutani, kati ya mshona viatu na mama mwenye mtoto analia. Akaomba, "Rudisheni nyuma kidogo, sikusikia alichosema shangazi." Mji mzima ukamjibu, "Aaah!"

Hapo uvumilivu ukamwisha. Akatoka mbio peku mpaka barazani, akalikamata boksi, akalirarua kwa meno, akaibandua nailoni yote mpaka pembeni.

Waziri akapiga kelele za furaha. "Kimebanduliwa! Si kipya tena! Pandu ameshindwa, kibanda kivunjwe!"

Pandu, aliyekuja nyuma taratibu akitafuna, akasema, "Mimi niliambiwa nichague, nikachagua. Nilikikabidhi kizima kwenye boksi lake. Ikiwa kukibandua ni kosa, Mheshimiwa Waziri, mwenye kosa huyo hapo kakaa. Mkamate."

Waziri akamtazama Sultani, mwenye kipande cha nailoni bado mdomoni. Sultani akacheka, akacheka hata kiti cha enzi kikalia kwachu kwachu kama mvua juu ya bati, akaamuru kibanda kisiguswe kamwe, na Pandu apewe kanzu mpya, na gari lilale nje linyeshewe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na yote ni kweli tupu, ila moja nimelitia mimi: Sultani hakucheka. Nimemchekesha kwa sababu hekaya asiyocheka mfalme haimpatii mtu hata kikombe cha kahawa. Kwa kweli alipunga mkono tu, "Sawa, sawa, kibanda chake, tokeni nyote," wala hakuinua macho kutoka kwenye kishikwambi chake. Bibi harusi alikuwa anafunuliwa shela.