Neno Lenye Milango Miwili

"Neno lenye milango miwili, bisha hodi kwanza." Methali hii, wajukuu zangu, si ya kale kama mnavyodhani. Ilianzia hapa hapa Taveta, na chanzo chake ni Mkamburi, binti wa dada yangu.

Chama chetu cha wakulima kilimwomba atengeneze huduma ya simu: mtu anaandika maneno mawili matatu, simu inamtafutia maelezo. Mkamburi akaona kwamba watu huandika kwa mkato, na neno moja laweza kubeba mambo mawili. Akaifundisha simu ikikuta neno la namna hiyo iulize kabla ya kujibu.

Mwenyekiti, Mzee Mwakio, hakuridhika. "Mkulima anataka jibu, mwanangu. Ukimuuliza ataona hujui."

"Heri aone sijui, Mzee, kuliko nimpeleke asikotaka kwenda," Mkamburi akajibu kwa adabu. Swali hakuliondoa.

Siku moja Nyanya Wakesho alirudi kutoka shambani na kiu kali, akanywa kwenye chupa ya soda. Kumbe ndani mlikuwa na dawa ya kupulizia mimea. Mjukuu wake, Saru, alimkuta ameanguka, mate yanamtoka. Jirani alikuwa keshafika na maziwa. Saru akaandika kwenye simu: nyanya dawa.

Sasa fikirieni. Msimu ule karibu kila mkulima aliandika maneno hayo hayo, akitafuta dawa ya nyanya za shambani. Saru angeweza kuletewa maelezo ya kupulizia. Lakini simu ikauliza: "Ni nyanya za shambani, au nyanya yako amedhuriwa na dawa?"

Akachagua la pili. Maelezo yakaja: asipewe maziwa, asitapishwe, akimbizwe hospitali pamoja na ile chupa.

"Weka hayo maziwa chini, Mama Mghoi," Saru akamwambia jirani. "Nishikie huku, tumbebe."

Daktari alipoinusa dawa iliyobaki chupani alijua la kufanya. Nyanya Wakesho akapona, na alipopata nguvu akaja mwenyewe kwenye mkutano wa chama. Akamshika Mkamburi mkono mbele yetu sote. Mzee Mwakio akavua kofia, akasema, "Swali libaki."

Mimi nilikuwa safu ya mbele, na sikuona haya kuwaambia waliokaa karibu, "Huyo ni wetu."

Nyanya Wakesho akangoja tunyamaze. "Binti huyu hakuwa akinijua," akasema, "lakini aliuliza kama ni mimi au ni tunda, ndiyo maana nimesimama hapa. Neno lenye milango miwili, bisha hodi kwanza."